Kwa nini timu isiyo na majina makubwa inaweza kuwa bingwa: somo la Zambia ya mwaka 2012

Kila msimu wa kombe la mbuzi na kombe la ng'ombe unapoanza huku vijijini, simu zinazoingia studio kwenye kipindi chetu cha michezo huwa na swali lilelile. Timu gani inafanikiwa? Yenye hela? Yenye nyota? Yenye mganga mzuri?

Msimu uliopita msikilizaji mmoja alitupigia akiwa na uchungu. Kamati ya timu ya kijiji chao ilichangisha hela nyumba kwa nyumba. Timu ilipofika fainali, hela ile ikatumika kukodi mamluki watano kutoka mjini. Vijana watano wa kijiji, waliopambana tangu mechi ya kwanza, wakakalishwa benchi. Timu ikafungwa mabao matatu. Jioni ileile mamluki wakapanda bodaboda wakaondoka, na watatu kati ya wale vijana wakasema hawagusi tena mpira wa kijiji hicho.

Swali lake lilikuwa fupi: "Tulikosea wapi? Si tulichukua wachezaji bora zaidi?"

Hewani muda haukutosha kumjibu, ndiyo maana naandika hapa. Nimechagua timu moja ya jirani zetu ambayo ilishinda kombe kubwa kuliko yote Afrika ikiwa na majina madogo kuliko wapinzani wake. Ni Zambia, Chipolopolo, mabingwa wa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini Zambia si nchi ya mbali. Mtu wa Tunduma akivuka barabara yuko Nakonde. Na wazee wetu bado wanasimulia bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, sare ya 1-1 iliyoiondoa Zambia na kuipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Lagos mwaka 1980. Kwa hiyo tuwatazame kama majirani.

Timu iliyopotea baharini

Huwezi kuielewa Zambia ya 2012 bila kuanza na tarehe 27 Aprili 1993. Siku hiyo ndege ya jeshi iliyobeba timu ya taifa kwenda Senegal, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, mji mkuu wa Gabon. Watu wote 30 waliokuwemo walikufa, wakiwemo wachezaji 18 na kocha wao Godfrey Chitalu, ambaye enzi zake alikuwa mfungaji hatari.

Nyota mkubwa wa timu ile, Kalusha Bwalya, hakuwa ndani ya ndege kwa sababu alikuwa akicheza soka Uholanzi na alipaswa kusafiri mwenyewe. Yeye na wachache waliobaki, pamoja na vijana wapya, waliijenga timu upya. Mwaka uliofuata, 1994, timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia na kufungwa na Nigeria 2-1. Mabao yote mawili ya Nigeria yalifungwa na Emmanuel Amuneke, ambaye baadaye sisi Watanzania tulimfahamu kama kocha aliyeipeleka Taifa Stars AFCON ya 2019.

Ikapita miaka 18 kabla Zambia haijaiona fainali nyingine.

Njia ya kuelekea Libreville

Fainali za 2012 ziliandaliwa kwa pamoja na Gabon na Guinea ya Ikweta. Zambia ilipangwa upande wa Guinea ya Ikweta. Mechi zake zote za makundi, robo fainali na nusu fainali zilichezwa huko, Bata na Malabo. Fainali ndiyo ilikuwa Libreville. Maana yake ni kwamba Zambia ingefika kwenye mji ule wa msiba kwa kushinda tu.

Ikaanza kwa kuifunga Senegal 2-1, timu iliyopewa nafasi kubwa ya kutwaa kombe. Ikatoka sare ya 2-2 na Libya, kisha ikawafunga wenyeji Guinea ya Ikweta 1-0. Robo fainali ikaichapa Sudan 3-0. Nusu fainali ikakutana na Ghana. Kipindi cha kwanza Ghana wakapata penalti, akapiga Asamoah Gyan, kipa Kennedy Mweene akaipangua. Dakika ya 78 Emmanuel Mayuka, aliyetokea benchi, akafunga bao pekee la mechi.

Walipotua Libreville, kabla ya fainali, wachezaji walikwenda ufukweni karibu na eneo la ajali kuweka maua. Kalusha alikuwa pamoja nao, safari hii akiwa rais wa chama cha soka cha Zambia.

Usiku wa fainali

Tarehe 12 Februari 2012 upande wa pili walisimama Ivory Coast. Hebu soma majina: Didier Drogba na Salomon Kalou wa Chelsea, Yaya Touré na kaka yake Kolo Touré wa Manchester City, Gervinho wa Arsenal. Zaidi ya hayo, katika mashindano yale yote Ivory Coast walikuwa hawajaruhusu bao hata moja.

Upande wa Zambia, nahodha Christopher Katongo alikuwa akicheza China. Mweene alikuwa Afrika Kusini. Stoppila Sunzu, Hichani Himoonde na Rainford Kalaba walikuwa TP Mazembe ya Lubumbashi. Nathan Sinkala, kiungo mkabaji, alikuwa bado kwenye ligi ya nyumbani. Mayuka alikuwa Uswisi, Chisamba Lungu alikuwa Urusi.

Dakika za mwanzo tu, beki Joseph Musonda aliumia akatolewa nje akilia. Dakika ya 70 Ivory Coast wakapata penalti. Drogba akaupiga mpira ukapaa juu ya mtambaa panya. Dakika 90 zikaisha 0-0. Dakika 120 zikaisha 0-0.

Kwenye matuta kila upande ulifunga saba mfululizo. Kipa Mweene naye alipiga, akafunga. Kisha Kolo Touré akakosa kwa Ivory Coast, Kalaba akakosa kwa Zambia. Gervinho akakosa. Sunzu, beki, akaweka mpira chini, akafunga. Zambia 8, Ivory Coast 7.

Wachezaji walipokuwa wakishangilia, kocha Hervé Renard alikwenda alikokuwa Musonda aliyeumia, akambeba mikononi na kumpeleka kwa wenzake. Ukiwa na picha moja tu ya kueleza timu ile, chukua hiyo.

Nini kiliwabeba?

Sasa turudi kwenye swali la msikilizaji. Nikiitazama safari ile naona mambo manne, na yote unaweza kuyatafuta kwenye timu yoyote, hata ya kijiji.

La kwanza: walikuwa wamekaa pamoja muda mrefu. Renard aliichukua Zambia kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Mwaka 2010 kule Angola aliifikisha robo fainali, wakatolewa na Nigeria kwa penalti. Mweene, Katongo na Kalaba walikuwepo kwenye kikosi kile, na walikuwepo tena 2012. Walishaonja uchungu wa kutolewa kwa matuta. Renard aliondoka 2010, timu ikafuzu chini ya Mwitaliano Dario Bonetti, kisha Renard akarudi mwishoni mwa 2011. Kocha alibadilika, lakini kiini cha kikosi hakikuvunjwa.

Mazoea hayo yanasaidia hasa kwenye ulinzi. Sunzu na Himoonde walikuwa mabeki wa kati wa timu ya taifa, na pia walikuwa klabu moja. Mabeki waliozoeana hawahitaji kuitana kila dakika. Mmoja akipanda, mwenzake anajua abaki. Mpira wa juu ukija, wanajua nani anaruka na nani anaziba nyuma. Katika mechi sita Zambia ilifungwa mabao matatu tu, na katika mechi nne za mwisho haikufungwa hata bao moja ndani ya mchezo.

Hapa ndipo mamluki wanapoikwamisha timu. Mtu anaweza kuwa na mguu mzuri, lakini kama amekutana na wenzake asubuhi ya fainali, hajui beki wake wa kushoto ana kasi gani wala kipa wake anatoka golini wakati gani. Ukiwaingiza watano kwa mpigo, umeingiza timu mpya uwanjani. Si ajabu inacheza kama timu mpya.

La pili: kila mtu aliijua kazi yake na kuikubali. Mayuka alifunga dhidi ya Senegal, akafunga tena dhidi ya Libya. Pamoja na hayo, nusu fainali dhidi ya Ghana alianzia benchi. Mchezaji mwingine angenuna. Yeye aliingia akafunga bao lililoipeleka nchi fainali. Sunzu naye kazi yake ni kuzuia, lakini ndiye aliyefungua ukurasa wa mabao dhidi ya Sudan na ndiye aliyepiga penalti ya mwisho.

Timu nyingi hufa mahali hapa. Kila mtu anataka kuvaa namba kumi, kila mtu anataka kupiga faulo, na hakuna anayetaka kukimbia kurudi nyuma. Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mshambuliaji hafungi kama kiungo mkabaji hajaunyang'anya mpira kwanza, hata kama redioni sisi watangazaji tunalitaja jina la mfungaji peke yake.

La tatu: nidhamu haikuchagua mtu. Katikati ya mashindano yale mchezaji mmoja wa Zambia alivunja sheria ya muda wa kurudi kambini. Benchi la ufundi lilimrudisha nyumbani, na timu ikaendelea bila yeye. Ni uamuzi mgumu, kwa sababu kwenye mashindano kila mchezaji anahesabika. Lakini wenzake waliobaki walielewa kwamba sheria ni ya wote.

Sasa linganisha na kwetu. Kijana anakuja mazoezini siku mbili kwa mwezi, lakini kwa kuwa ana chenga tamu, siku ya mechi anapewa jezi. Yule aliyekuja kila siku saa kumi jioni, baada ya kutoka shamba, anaangalia. Msimu ujao naye hatakuja. Kocha anabaki na wachezaji wenye chenga tamu wasiofanya mazoezi.

La nne: walikuwa na sababu inayowazidi wao. Kabla ya kuwaza kombe, wachezaji wale waliwaza watu 30 waliopotea baharini. Sababu ya namna hiyo haifungi bao yenyewe, ila humfanya mtu akimbie dakika ya 115 wakati misuli imekaza. Timu ya kijiji haihitaji msiba ili ipate sababu. Kuchezea mahali ulipozaliwa, mbele ya mama yako na mwalimu wako wa shule ya msingi, ni sababu ya kutosha. Ila anayeletwa kwa malipo ya siku moja hana sababu hiyo, na hatuwezi kumlaumu.

Je, si bahati tu?

Najua kuna atakayeniambia: wewe mtangazaji, penalti ni bahati. Drogba angefunga ile ya dakika ya 70, leo ungekuwa unaandika habari nyingine.

Ni kweli, na sitaficha. Bahati ilikuwepo. Mpira wa miguu una mabao machache, kwa hiyo tukio moja linaweza kugeuza mechi. Ndiyo maana timu bora hufungwa mara nyingine. Lakini angalia jambo moja: bahati ya dakika ya 70 isingekuwa na maana kama Zambia wangeshafungwa mawili kabla yake. Kazi ya timu iliyojipanga ni kubaki ndani ya mchezo mpaka bahati ikipita iwakute wapo.

Na kuhusu mganga, wengi wenu mnanielewa nikisema "kamati ya ufundi" ile isiyokaa na kocha. Sitaki ugomvi na imani ya mtu. Nasema tu kwamba hela ya mchango ni ileile moja. Ikienda kwa mganga, haiwezi tena kununua mpira. Na timu isiyo na mpira haifanyi mazoezi.

Kuna ushahidi mwingine kuhusu majina makubwa. Mwaka 2015 Renard alirudi kwenye fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa kocha wa Ivory Coast, walewale aliowaliza Libreville. Drogba alikuwa ameshastaafu timu ya taifa. Walicheza na Ghana mjini Bata, wakamaliza 0-0, wakaenda kwenye matuta na kukosa mbili za kwanza. Hawakuvunjika moyo. Wakashinda 9-8. Aliyepiga penalti ya ushindi alikuwa kipa Boubacar Barry, yuleyule aliyekuwa langoni usiku wa Libreville. Mashindano yote alikaa benchi, akaingia fainali kwa sababu kipa wa kwanza aliumia. Mtu aliyekubali kusubiri ndiye aliyewapa kombe. Renard akawa kocha wa kwanza kulitwaa kombe hilo na mataifa mawili tofauti.

Mafanikio hayakai yenyewe

Ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya kwa nusu. Baada ya 2012 Zambia haikuendelea kuwa juu. Mwaka 2013 kule Afrika Kusini ilitoka sare mechi zote tatu za kundi na kurudi nyumbani ikiwa bingwa mtetezi. Mwaka huohuo Renard akaondoka. Mwaka 2015 ikatolewa tena kwenye makundi. Fainali za 2017, 2019 na 2021 haikufuzu kabisa.

Timu iliyokomaa pamoja huzeeka pamoja. Kama nyuma yake hakuna vijana wanaoandaliwa, siku wakongwe wanapochoka kunabaki pengo. Zambia walikuja kuliziba taratibu. Mwaka 2017 vijana wao wa chini ya miaka 20, akiwemo Patson Daka, walitwaa ubingwa wa Afrika wa umri huo wakiwa nyumbani, kisha wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la vijana. Daka na kizazi chake ndio walioirudisha Zambia kwenye AFCON iliyochezwa Ivory Coast mapema 2024, ambako walitoka sare ya 1-1 na Taifa Stars yetu.

Kwa hiyo ukiuliza timu kubwa inajengwa na nini, jibu halikai kwenye msimu mmoja. Linakaa kwenye miaka kadhaa ya watu walewale kufanya jambo lilelile pamoja, huku wadogo zao wakiwa pembeni ya uwanja wanajifunza.

Tukirudi kijijini

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati, na wewe kocha usiye na cheti ila una moyo, mkikaa kupanga msimu ujao jiulizeni haya:

Kikosi chetu cha kwanza kimecheza pamoja mechi ngapi? Kama jibu ni moja au mbili, msilaumu refa.

Sheria zetu za mazoezi zinamgusa na yule mfungaji wetu? Kama hazimgusi, si sheria.

Anayekaa benchi ameambiwa kwa nini anakaa? Kijana akielezwa vizuri husubiri. Akidharauliwa huondoka.

Mchango umetumika wapi? Pigeni hesabu ya kumkodi mtu mmoja wa siku moja: nauli, chakula na posho. Halafu pigeni hesabu ya mpira mmoja mzuri utakaotumika miezi sita. Someni matumizi mbele ya wanakijiji waliochanga.

Watoto wa darasa la sita na la saba wanacheza wapi? Hao ndio kikosi chenu cha miaka mitano ijayo.

Na kama mnahitaji kweli nguvu kutoka nje, si dhambi. Mleteni mtu mmoja au wawili mwanzo wa msimu, si asubuhi ya fainali. Wafanye mazoezi na wenzao, wale ugali pamoja, wajuane.

Kwa msikilizaji wetu aliyepiga simu: jibu langu ni kwamba hamkukosea kutaka ushindi. Mlikosea kudhani kwamba wachezaji watano wazuri na timu nzuri ni kitu kimoja. Timu mlikuwa nayo, na ndiyo iliyowafikisha fainali. Wale vijana watatu waliosusa wako hapohapo kijijini. Nendeni mkazungumze nao kabla msimu haujaanza.